Siku Nilipowalisha Sambusa Wazee wa Mahakama

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusingiziwa na mtu, kwa hiyo naomba mcheke nikishamaliza, msinikatize katikati, maana nikikatizwa nitaona haya nami nitanyamaza moja kwa moja. Kila siku mnaniuliza, Shirin, mbona hapa mtaani kwetu Rayners Lane kila shughuli unaleta biriani, unaleta kalimati, hata kachumbari unaikata mwenyewe, lakini sambusa huzigusi, nami nawajibu kuwa mikono inaniuma kukunja. Mikono hainiumi hata kidogo. Ni kwamba mwenzenu nimewahi kusimamishwa mbele ya jaji wa Kiingereza, jaji mzima na wigi lake na joho lake, nikaulizwa kwa kiapo sambusa zangu zilikusudiwa kufanya nini.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, hilo mnalijua, nikaolewa Kampala kwa Amirali (huyu huyu anayesinzia kwenye kila hotuba), tukawa na duka la vitambaa pamoja na baba yake mpaka baba akafariki, na yaliyotokea baadaye sina haja ya kuyarefusha, redio ilisema Wahindi waondoke na tukaondoka. Amirali alikwenda ofisi moja kueleza kwamba yeye amezaliwa pale pale na baba yake amezikwa pale pale, na askari aliyekuwa mlangoni hakumwacha hata amalize kutaja jina lake. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na viatu vyake mkononi. Mimi nikamletea maji, akayatazama tu.

Basi tukaja huku kwa Waingereza, kambi ya jeshi kwanza, baridi ya kukata masikio, halafu mtaa wa Southall, vyumba viwili juu ya duka la mboga, mimi, Amirali, mama yake ambaye wote tulimwita Ma, na mdogo wake Firoz. Amirali akapata kazi ya kulinda ghala la vitambaa, na mnaweza kufikiri furaha yake, mtu aliyekulia kwenye harufu ya kitambaa kipya karudishiwa harufu yake. Alikabidhiwa funguo. Akawa anazisugua kwa kitambaa kila akitoka kazini, zinang'aa utadhani vijiko vya wageni.

Halafu siku moja marobota ya kitambaa yakapotea, tena si robota moja, na msimamizi wake, Bwana Pike, akasema ni Amirali aliyefungua mlango wa nyuma. Polisi wakaja nyumbani asubuhi tukiwa tunakunywa chai. Walikuwa na adabu, hilo nalisema, walifuta viatu mlangoni, lakini waliondoka na mume wangu. Akaachiwa kwa dhamana mpaka siku ya kesi, na miezi yote ile ya kusubiri alikuwa hali chakula akashiba. Usiku mmoja aliniambia, "Wakinifunga hapa, Shirin, hatuna pengine. Tumeshafukuzwa mara moja bila kosa. Nikifungwa, watu watasema kumbe lilikuwepo kosa tangu mwanzo." Ndilo lililokuwa likimla, jela ilikuwa kitu cha pili.

Sasa ndani ya nyumba yetu kulikuwa na bingwa wa sheria, naye ni shemeji yangu Firoz. Kampala alikuwa anaendesha mashine ya sinema, na filamu za mahakama za Kimarekani alizirusha kila moja mara nyingi hadi akaweza kusema maneno ya mawakili kabla wao hawajafungua mdomo. Alipanda juu ya kiti akatufundisha. "Bhabhi," (ndivyo alivyoniita, mke wa kaka) "sikiliza vizuri. Kuna jaji, ana nyundo, akiigonga watu wote kimya. Kuna wakili wetu na wakili wao. Wakili wao akisema upuuzi, wetu anaruka juu, anasema pingamizi! Jaji anasema limekubaliwa au limekataliwa. Mshtakiwa akiulizwa swali baya, anasema nina haki ya kunyamaza, na hakuna wa kumgusa. Na kuna juri. Hao ndio wenye kesi."

"Juri ndiyo nini?" Ma akauliza.

"Watu kumi na wawili, Ma. Watu wa kawaida tu, wametolewa mitaani. Wanakaa kwenye kizimba chao, wanasikiliza, halafu wanafungiwa chumbani mpaka wakubaliane. Hawaruhusiwi gazeti, hawaruhusiwi simu, hawaruhusiwi kurudi kwao. Nimeona moja walikaa mchana kutwa kwenye joto, mashati yamelowa, hata kula hawali."

Ma alikuwa mama wa Afrika Mashariki haswa, zamani mahakama zetu kule zilikuwa na wazee wa baraza wanaokaa pamoja na hakimu, kwa hiyo alielewa haraka kuliko mimi. "Ah, wazee wa baraza," akasema. "Na hawapewi chakula?" Firoz akasema hawapewi. Ma akawa anazungusha tasbihi yake, na mimi laiti ningeuangalia uso wake vizuri siku ile, ningejua tunakoelekea.

Siku ya kwanza ya kesi tulikwenda mimi na Firoz, Ma akabaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Wenzangu, sijui niwaeleze vipi lile jengo. Dari iko juu kabisa, sakafu ya mawe inaitikia kila hatua yako, na watu wanaongea kwa sauti ya chini kama walio karibu na mgonjwa. Jaji alipoingia watu wote wakasimama, hata wale mawakili wakubwa wenye mawigi, wakainama, naye akainama. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, miwani imeshuka puani. Nyundo hakuwa nayo. Nilimwona Firoz akiitafuta kwa macho, na sura yake ikanyong'onyea.

Kisha wakaingia wale kumi na wawili. Jamani! Nilitegemea watu wa kutisha, kumbe mmoja ana mikono ya fundi wa magari, myeusi kwenye kucha, mmoja kijana mwenye nywele hadi mabegani, mmoja mwanaume mnene mwenye masharubu na uso mwekundu, na mwanamke mmoja mwembamba mwenye kofia ya kijani ya kufuma, ambaye ungemkuta kwenye foleni ya samaki ukamwomba akushikie nafasi. Mmoja mmoja akainuka, akashika kitabu, akaapa kwamba atamhukumu mume wangu kwa haki. Mume wangu! Watu ambao siku ya jana hawakujua kuwa yupo duniani.

Wakili wetu aliitwa Bwana Harlow, kijana mrefu mwenye mafua, na serikali ndiyo iliyomlipa (Ma aliuliza hili mara kadhaa, serikali imshtaki mtoto wangu na serikali hiyo hiyo imlipie mtu wa kumtetea, hebu mwulizeni tena huyo bwana asije akawa anatudanganya). Lakini lililonitoa machozi lilitoka kwa jaji mwenyewe. Aliwageukia wale kumi na wawili, akasema polepole, kama anayemweleza mtoto dawa, kwamba mtu mnayemwona pale kizimbani hana kosa. Hana kosa mpaka hawa waliomleta hapa wawape ninyi uhakika. Yeye hana wajibu wa kuthibitisha chochote, hata akitaka kukaa kimya anaweza, na mkibaki na shaka, shaka hiyo ni ya kwake.

Nilimtazama Amirali. Alikuwa amesimama na suti yake ya harusi, mikono imeshika chuma cha kizimba, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Akaja Bwana Pike kutoa ushahidi. Akasema dereva wa lori alimwambia kwamba amemwona Mhindi akifungua mlango. Hapo hapo Bwana Harlow akainuka, na Mungu wangu, na Firoz naye huku kwenye viti vya watazamaji akainuka, kidole juu, akapiga ukelele, "Pingamizi!"

Mahakama nzima iligeuka. Jaji hakugonga kitu, alimtazama tu juu ya miwani, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko nyundo yoyote ya Marekani. "Yule bwana," akasema, "ama akae, ama aende akapate hewa." Firoz akakaa. Lakini jaji akasema vilevile kwamba Bwana Pike asiendelee na maneno ya dereva, kwa kuwa dereva hayupo hapa kuulizwa maswali, na jambo ambalo mtu kaambiwa na mwingine si ushahidi. Mimi nilishika moyo. Fikirini, wenzangu! Maisha yangu yote nimeishi kwenye mitaa ambako nimeambiwa-na-fulani inatosha kuvunja uchumba, kufunga duka, kumtoa mtu nchini, na hapa mzee mwenye wigi anasema haitoshi hata kuingia mlangoni. Bwana Pike bila maneno ya dereva alianza kutafuta mengine, akababaika, na Bwana Harlow akanigeukia akatabasamu kidogo. Kesi ilikuwa inaelekea kwetu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini karibu na jioni, palipokuwa kimya, tumbo la yule mwanamke wa kofia ya kijani likanguruma. Likasikika chumba kizima. Akashika tumbo, akaona haya masikini, na mimi roho ikaniuma, nikayakumbuka maneno ya Firoz, na niliporudi nyumbani nikafanya kosa la kumsimulia Ma.

Ma akaiweka tasbihi chini. "Watu kumi na wawili," akasema, "wameacha kazi zao, wameacha watoto wao, wamekaa siku nzima kwa ajili ya mwanangu. Na wewe umerudi mikono mitupu?"

Nikamwambia, Ma, ile ni mahakama. Akasema, "Na wakija watu nyumbani kwako kuzungumza posa, wanaondoka na koo kavu? Wakija kwenye msiba? Wakija kupatanisha ndugu? Anayekaa kwenye jambo lako ni mgeni wako." Na kusema kweli nami ndivyo nilivyolelewa, kwetu Mombasa hata fundi wa bomba haondoki bila kula. Basi tukakanda, tukakunja, tukakaanga, nyama, vitunguu, kotimiri, pilipili za Ma ambazo hazina huruma, tukajaza lile bati jekundu la biskuti tulilotoka nalo Kampala. Kwa juu Ma akaweka kifurushi cha karatasi, kisicho na pilipili. Firoz alitukuta jikoni, akaonja moja, akasema safi sana, na wala hakutia pingamizi (bingwa wa sheria huyo).

Kesho yake mchana, mahakama ilipopumzika, Bwana Harlow alikwenda kusoma karatasi zake, Firoz akaenda kuvuta sigara, nami nikatoka na bati langu. Mbele ya jengo kulikuwa na kibustani chenye mabenchi, na wallahi ninawaona pale, yule mnene wa masharubu, yule fundi, na mama wa kofia ya kijani, kila mmoja na kipande cha mkate mkavu mkononi. Nikajisemea, Ma alikuwa na haki, wanaumia.

Nikawaendea na tabasamu langu lote. Nikafungua bati, ile harufu ya kotimiri ikatoka, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule, "Tafadhali, karibuni, zimetoka nyumbani."

Mama wa kofia ya kijani alikuwa ameshachukua moja na kuing'ata kabla hajaniangalia usoni. Fundi alirudi nyuma, akasema, "Hapana, asante, bibi." Na hapa ndipo nilipojiua, wenzangu, maana nyinyi mnajua, kwetu mgeni akisema hapana mara ya kwanza ni adabu, akisema mara ya pili bado ni adabu, ukimwachia ukasema haya basi, umemtukana. Nikasema, "Chukua, chukua, kaka." Akasema hawezi. Nikasema, "Moja tu." Akasema, "Bibi, haturuhusiwi kabisa." Nami nikacheka, nikaona huyu kalelewa vizuri, nikamtilia sambusa mfuko wa koti.

Yule mnene, kwa kuona haya kukataa mbele ya mwanamke, akachukua yake akatia yote mdomoni kwa mara moja. Pilipili za Ma zikamkuta. Uso ulikuwa mwekundu, ukawa zambarau, akakohoa, masharubu yakajaa machozi, mimi nikaweka bati chini nikaanza kumpiga mgongoni, huku nikisema kwa sauti kubwa (sijui shetani gani alinikaa kwenye ulimi), "Kula, kaka, kula pole pole, na umwombee mume wangu!"

Hapo mama wa kofia ya kijani akaacha kutafuna. Akanitazama, akaitazama sambusa, akanitazama tena. "Mume wako?" akasema. "Mume wako ni yule..."

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa amesimama karani wa mahakama, yule mwenye joho jeusi anayewaita watu, na hakuwa anacheka.

Kilichofuata nakikumbuka kwa vipande. Bwana Harlow amenishika kiwiko ukumbini, mafua yamemtoka kwa hofu, ananiambia, "Bibi, unajua umefanya nini? Mke wa mshtakiwa kuwapa kitu wanajuri, watu hufungwa kwa hilo! Jaji anaweza kuwafukuza wote kumi na wawili, kesi ianze upya miezi ijayo, na Pike atakuwa na miezi yote hiyo ya kushona ushahidi wake ulioraruka jana. Tulikuwa tunashinda!" Nikashika ukuta. Miezi mingine ya Amirali kutokula akashiba. Na safari hii mwenye kosa ni mimi, mtu wa nyumbani kwake.

Tukarudi ndani, lakini viti vya wale kumi na wawili vilikuwa vitupu, wamewekwa kando. Bati jekundu likaletwa likawekwa juu ya meza ya karani, mbele ya jaji. Amirali alikuwa hajui lolote, alikuwa amekaa tu kizimbani akisubiri, na alipoliona bati la mama yake kati ya vitabu vya sheria macho yakamtoka pima. Akalitazama bati, akanitafuta mimi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mwendesha mashtaka akainuka, akaomba juri ivunjwe yote. Jaji akasema anataka kunisikia kwanza. Nikapanda kizimba cha mashahidi, wakaniuliza naapa kwa kitabu gani, wakaniletea Kurani iliyofunikwa kitambaa safi (hata hilo walikuwa nalo!), nikaapa. Nikainua macho, na kule kwenye viti vya watazamaji Firoz anatikisa kichwa kwa nguvu, ameweka kidole mdomoni, ananionyesha ninyamaze, nitumie ile haki ya Wamarekani. Na nilikuwa nayo, jaji mwenyewe aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba sina lazima ya kujibu swali litakalonitia hatiani.

Lakini nilimwangalia yule mzee nikaona ameweka kalamu tayari. Alikuwa anangoja maneno yangu. Hajawahi mtu mkubwa kungoja maneno yangu hivyo, wenzangu, nikasema potelea mbali.

"Uliwapa chakula ili wamwachie mumeo?" akauliza.

"Mheshimiwa, nataka aachiwe, nitakudanganya vipi? Lakini chakula ni kwa sababu wamekaa kwa ajili yetu. Kwetu mtu akikaa kwenye jambo lako haondoki na njaa. Wangemfunga pia ningewapa, labda ningelia huku nawapa."

Akainamia karatasi yake. Akaandika. Nikaona ameandika, nikapata ujasiri wa kijinga, nikaongeza, "Na wewe chako kipo, kile kifurushi cha juu. Hakina pilipili. Mama mkwe alisema jaji ni mtu mzima, huenda tumbo lake ni dhaifu."

Mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Jaji akashusha miwani. "Na bwana huyu?" akaonyesha mwendesha mashtaka.

"Naye zake zimo. Yeye ndiye anayesema kuliko wote, koo litamkauka."

"Na Bwana Pike?"

Hapo nilifikiri kidogo, maana niliapa kusema kweli. "Bwana Pike angepata zilizobaki, mheshimiwa."

Mahakama ilipasuka. Hata karani wa joho jeusi aligeuka ukutani mabega yanamtikisika. Jaji peke yake hakucheka, au alicheka ndani ya leso, sikuona vizuri, na alipoitoa leso uso wake ulikuwa mkali, nami nikashika ukingo wa kizimba. Aliniambia kwamba nilichofanya ni jambo zito mno, kwamba hao watu kumi na wawili ni lazima wasipewe hata tabasamu na upande wowote, kwa sababu siku nyingine atakayekuja na bati si mwanamke mwenye huruma bali ni tajiri mwenye adui. "Kinachomlinda mume wako," akasema, "ni kwamba hakuna anayeweza kuwalisha." Halafu akasema hatanifunga, kwa kuwa ananiamini.

Ananiamini! Nilitaka kumbusu mkono, ila nilishajifunza.

Wakaitwa ndani wale watu, akawauliza mmoja mmoja. Mama wa kofia ya kijani akakiri amekula nusu, mnene akakiri moja nzima na sauti yake bado haijarudi. Fundi akatia mkono kwenye koti, akatoa sambusa yangu imefungwa kwenye leso, akamkabidhi karani, akasema hajaionja. Jaji akawashukuru wale wawili waliokula akawaruhusu waende zao nyumbani, na wengine kumi akawauliza kama bado wanaweza kuamua kwa haki, wakasema wanaweza, na akasema sheria inaruhusu kesi kuendelea na kumi. Yaani sheria yao ilikuwa na jibu mpaka la sambusa. Lakini nilipomwona yule mama anakusanya kofia yake na kutoka nilijisikia vibaya mno, kwa sababu jana yote alikuwa akimtazama Amirali kwa macho laini, na mimi kwa mkono wangu ndiye niliyemtoa.

Siku iliyofuata Amirali alitoa ushahidi wake, akasema kweli yake kwa sauti ndogo, na Bwana Harlow akamfanya Bwana Pike akubali kwamba naye alikuwa na funguo za mlango ule ule. Wale kumi wakaingia chumbani kwao. Mimi sikula, sikunywa, sikumtazama mtu, nilikaa na mikono nimeikalia ili isifanye lolote. Waliporudi, aliyeinuka kusema kwa niaba yao alikuwa yule fundi wa mfuko wa koti. Karani akamwuliza wameonaje, ana hatia au hana.

"Hana hatia," akasema, akakaa, akatazama kucha zake.

Tulitoka nje. Firoz anaruka, anasema filamu zote alizoziona hazifikii hii, Bwana Harlow anapenga kamasi, na Amirali akasimama kwenye ngazi za lile jengo asitembee. Nikajua sasa ndio ananigeukia, nami nilistahili, nikaanza, "Amirali, nisamehe, mimi na mama..." Akainua mkono. "Shirin," akasema, "Kampala nilisimama mlangoni niseme jina langu tu, sikuachiwa. Hapa wamesimamisha kila kitu, watu wazima wenye mawigi, wakauliza mmoja mmoja kama sambusa imenipendelea." Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi za mawe, watu wanapita, akalia kwa sauti, mume wangu ambaye hakulia uwanja wa ndege wala kambini, na mimi nikakaa karibu yake, sikuwa na hata kitambaa cha kumpa.

Haya, chekeni sasa. Lakini niliapa pale pale ngazini kwamba mbele ya mahakama yoyote ya dunia hii nitapita mikono mitupu na mdomo nimeufunga, na kiapo hicho nimekishika. Basi la kwenda mjini linapita mbele ya lile jengo mpaka leo, na kila likipita mimi hunyanyuka kitini kidogo, nikainama kama walivyomwinamia yule jaji, na watu hunipisha wakidhani nashuka.